Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Abu Hurayra, Baba wa Kipaka



Ndugu zangu, wazee wetu, mama zetu na vijana wa kundi hili, poleni na swaumu. Leo nataka tukae kidogo na mtu ambaye jina lake tunalisikia karibu kila siku ya Mungu. Khatibu akipanda mimbari, mwalimu wa chuo akifungua kitabu, utasikia tu: imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra. Tumelisikia mpaka limekuwa kama sauti ya feni ya msikitini, ipo lakini hakuna anayeisikiliza. Mtoto wa madrasa ukimuuliza maana yake atakwambia baba wa paka, halafu atacheka. Haya, tucheke naye, kisha tumjue mwenyewe.

Alikuwa mtu wa Daws, kabila la Waarabu wa milimani upande wa Yemen, mbali sana na Maka na Madina. Jina lake la kabla ya Uislamu linalotajwa zaidi ni Abd Shams, yaani mja wa jua, na aliposilimu likawa Abdurrahman. Nasema linalotajwa zaidi kwa sababu wanazuoni wamekhitalifiana mno juu ya jina lake na la baba yake. Imam Nawawi ametaja kuwa kauli zinafika kama 30. Fikiria, mtu aliyetuhifadhia maelfu ya hadithi, jina aliloitwa na wazazi wake watu wanalibishania mpaka leo, ila jina alilolipata machungani limeganda.

Na alilipata hivi. Alikuwa akichunga mbuzi na kondoo wa kwao. Huko malishoni akawa na kipaka kidogo. Usiku anakiweka juu ya mti, asubuhi anakwenda kukichukua, anatembea nacho na kucheza nacho mchana kutwa. Watu wa kwao wakaona, wakaanza kumwita Abu Hurayra, baba wa kipaka. Hiyo ndiyo habari yenyewe kama alivyoieleza yeye mwenyewe alipoulizwa, na Imam Tirmidhi ameipokea katika kitabu chake.

Tazama hapo kwenye mti. Kwa nini mti? Mtu wa mjini anaweza kupita asilione jambo. Usiku wa milimani una mbweha, una fisi, na kipaka kikiachwa chini hakifiki asubuhi. Kwa hiyo huyu kijana maskini, kabla ya kulala, alikuwa anafikiria mahali salama pa kukilaza kiumbe ambacho hakimpi maziwa, hakimpi nyama wala sufi. Mbuzi mtu anawalinda kwa sababu ni mali. Kipaka kile hakikuwa mali kitu.

Kwa Waarabu, mtu kuitwa baba wa fulani ni heshima, kama sisi hapa tunavyosema Baba Salma au Mama Juma. Kawaida unaitwa kwa mtoto wako wa kwanza. Huyu bwana aliitwa kwa paka, na hakuona haya. Mtume (s.a.w.) mara nyingine alikuwa akimwita Aba Hirr, ambalo ni paka dume na mkubwa, na inasimuliwa kwamba yeye alilipenda zaidi hilo. Lakini watu walishazoea lile la kipaka.

Hapa nifungue mabano, maana najua yatakayoletwa kwenye kundi kabla ya futari. Kuna kisa kinachozunguka sana kwenye simu zetu cha paka wa Mtume aitwaye Muezza, kwamba alilala juu ya mkono wa kanzu, na Mtume akaukata ule mkono ili asimwamshe. Ndugu zangu, kisa hicho hakimo katika vitabu vya hadithi. Tafuta utachoka. Kisa kama hicho hutajwa katika habari za Sheikh Ahmad ar-Rifai, aliyekuja karne nyingi baadaye. Hali kadhalika yale maneno kwamba kupenda paka ni sehemu ya imani, wanazuoni wa hadithi wameyahesabu kuwa ya kutungwa. Na kile kisa cha paka wa Abu Hurayra kumuua nyoka aliyetaka kumdhuru Mtume, nacho hakina msingi. Tafadhalini msinitumie. Yaliyothibiti yanatutosha, tena mazito kuliko hayo.

Turudi kwa mtu wetu. Uislamu uliwafikia watu wa Daws kupitia Tufayl bin Amr, mtukufu wao na mshairi, aliyekwenda Maka, akamsikia Mtume na akasilimu. Aliporudi kwao akalingania, wengi wakamkatalia. Akarejea kwa Mtume amechoka nao, akaomba waapizwe. Mtume akainua mikono, na watu wakadhani Daws wamekwisha. Kumbe akawaombea waongoke na waletwe. Na kweli, mwaka wa 7 wa Hijra, Tufayl aliteremka na nyumba 70 au 80 za watu wa kwao, wakati Mtume yuko Khaybar. Abu Hurayra alifika katika siku hizo. Alikuwa na umri wa karibu miaka 30.

Njiani alipotezana na mtumwa wake. Siku amekaa mbele ya Mtume baada ya kutoa ahadi yake ya Uislamu, yule mtumwa akatokea. Mtume akamwambia, mtumwa wako huyo amekuja. Palepale Abu Hurayra akamwacha huru kwa ajili ya Allah. Sasa huyo mtumwa ndiye aliyekuwa mali yake. Aliingia Madina akiwa hana nyumba, hana shamba, hana jamaa wa kumtegemea mjini, na kile kidogo alichonacho akakifungulia kamba kiende zake.

Akakaa Suffa. Suffa ilikuwa sehemu yenye kivuli nyuma ya msikiti wa Mtume, wakilala wasio na kwao: wageni, wahamiaji, watu wasio na mke wala kazi. Ikija sadaka, Mtume huwapelekea yote. Ikija zawadi, huchukua kidogo na kuwashirikisha. Abu Hurayra amesimulia kwamba aliwaona 70 miongoni mwao ambao hakuna hata mmoja mwenye vazi kamili la juu. Mwingine ana shuka moja kaifunga shingoni, imefika nusu ya muundi, anaikusanya kwa mkono ili tupu yake isionekane.

Na njaa. Sisi tunafunga saa 13, tukijua saa 12 na dakika kadhaa jioni kuna uji, kuna mihogo, kuna samaki. Njaa yake haikuwa na adhana ya Magharibi. Alikuwa akilala kifudifudi akilibana tumbo lake na ardhi. Alikuwa akifunga jiwe tumboni. Kuna siku alianguka akazimia baina ya mimbari na chumba cha Bi Aisha (r.a.), na wapitao wakamkanyaga shingoni wakidhani ana wazimu. Yeye mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba hakuwa na wazimu wowote, ilikuwa njaa tu.

Siku moja akaketi kwenye njia wanayopita watu wakitoka msikitini. Akapita Abu Bakr (r.a.), akamuuliza juu ya aya ya Qur'ani. Aya anaijua, alitaka tu Abu Bakr amtazame aseme twende nyumbani tukale. Abu Bakr akajibu, akapita. Akapita Umar (r.a.), hivyo hivyo. Hawa ni wabora wa umma huu, hatuwadhanii ila kheri. Hawakutambua. Njaa ya mwenzio haina alama kwenye paji la uso, nao walijibu walichoulizwa.

Kisha akapita Mtume (s.a.w.). Akamtazama, akatabasamu. Akajua kilichomo moyoni mwake na kilichoandikwa usoni. Akamwita Aba Hirr, akamwambia afuatane naye. Nyumbani pakakutwa bakuli la maziwa lililoletwa zawadi. Moyo wa Abu Hurayra ukapanda, kisha ukashuka, kwa sababu Mtume alimwambia akawaite watu wa Suffa wote. Anasema bila kuficha kwamba lilimchoma. Maziwa haya watagawana vipi watu wote wale? Na kibaya zaidi yeye ndiye atakayewagawia, kwa hiyo yeye ni wa mwisho. Lakini hapakuwa na budi ya kumtii Allah na Mtume wake. Akawaita. Akampa wa kwanza akanywa akashiba, akampa wa pili, wa tatu, mpaka wakaisha. Wakabaki wawili, yeye na Mtume. Mtume akatabasamu tena, akamwambia kaa unywe. Akanywa. Kunywa tena. Akanywa. Mpaka akaapa kwamba hana tena pa kuyapitisha. Hapo Mtume akalichukua bakuli, akamhimidi Allah, akataja jina Lake, akanywa kilichobaki.

Mimi kisa hiki nimekisomesha miaka mingi, watoto wanapenda muujiza wa maziwa. Siku hizi mimi nashika zaidi lile la kutazamwa usoni.

Katika mwezi kama huu wa Ramadhani, Mtume akampa kazi ya kulinda zaka ya Ramadhani, chakula kilichokusanywa kwa ajili ya maskini. Hebu ona hekima hiyo, mlinzi wa ghala la chakula ni mtu anayefunga jiwe tumboni! Usiku akaja mtu akawa anachota kwa mikono. Abu Hurayra akamkamata, akamwambia nakupeleka kwa Mtume. Yule akalia kwamba ni mhitaji, ana watoto, shida imembana. Abu Hurayra akamwonea huruma akamwachia. Asubuhi Mtume akamwambia kwamba amedanganywa na mtu huyo atarudi. Akarudi kweli, akakamatwa, akalia tena, akaachiwa tena. Mara ya tatu Abu Hurayra akasema leo huponi. Ndipo yule akamfundisha kusoma Ayatul Kursi anapokwenda kulala, kwamba atakuwa na mlinzi kutoka kwa Allah na shetani hatamkaribia mpaka asubuhi. Mtume akamweleza kwamba amesema kweli ilhali yeye ni muongo, na kwamba huyo aliyekuwa akizungumza naye siku tatu ni shetani. Faida kubwa ya kisa ni Ayatul Kursi, naam. Ila sikumbuki Mtume amemkaripia kwa zile mara mbili alizomwonea huruma mtu aliyedai ana njaa.

Mama yake alikuwa bado hajasilimu. Siku moja alimlingania, mama akamtolea maneno mabaya juu ya Mtume. Akaja kwa Mtume analia, akaomba amwombee mama yake. Mtume akaomba. Abu Hurayra akatoka mbio. Mlango akaukuta umeshindikwa. Mama akasikia nyayo, akamwambia asimame hapohapo. Akasikia mlio wa maji. Alikuwa anaoga. Akavaa kanzu haraka, hata ushungi hakuuwahi, akafungua mlango na kutamka shahada. Akarudi kwa Mtume akilia tena, safari hii kwa furaha, akaomba duaa nyingine: Allah awapendezeshe yeye na mama yake kwa waja Wake waumini. Akaombewa. Na katika Sahih Muslim imekuja kwamba hakwenda kuhiji mpaka mama yake alipofariki, kwa kushikamana naye. Wenye mama hai mnanielewa.

Alikaa na Mtume kiasi cha miaka minne tu. Hesabu ya hadithi zake inayotajwa sana ni 5,374, ukijumlisha zinazorudiwa kwa njia mbalimbali. Hata wakati wake watu walimsema, vipi huyu aliyekuja juzi ana hadithi nyingi kuliko Muhajirina na Ansari? Jibu lake lilikuwa la unyoofu wa ajabu. Ndugu zake Muhajirina walishughulishwa na biashara sokoni, Ansari na mashamba yao, na yeye alikuwa maskini anayeshikamana na Mtume kwa kushiba tumbo lake, akihudhuria wasipohudhuria na kuhifadhi wanaposahau. Alikuwa pia amemlalamikia Mtume kwamba anasahau. Akaambiwa atandaze shuka yake, Mtume akafanya kama anayechota kwa mikono na kumtilia humo, akamwambia aikumbatie. Tangu hapo hakusahau.

Simfananishi sahaba na mnyama, astaghfirullah. Lakini mtu asiye na kwao, aliyeganda mlangoni mwa msikiti kwa sababu hapo ndipo penye riziki, watu wanamruka wakipita, huyo ndiye Allah aliyemchagua abebe elimu hii mpaka ikatufikia sisi pwani hii.

Na angalia alichokibeba. Yule mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akateremka kisimani akanywa, alipotoka akamwona mbwa anahema na kulamba udongo mbichi, akateremka tena, akajaza khofu lake maji, akalishika kwa meno huku anapanda, akamnywesha, na Allah akamshukuru na kumsamehe. Mpokezi ni Abu Hurayra. Maswahaba wakauliza kama wana ujira hata kwa wanyama, wakaambiwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, kuna ujira. Yule mwanamke kahaba wa Bani Israili aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa, mpokezi ni yeye. Yule Nabii aliyeumwa na sisimizi mmoja akaamuru kichuguu kizima kichomwe moto, akalaumiwa kwa kuangamiza umma unaomsabihi Allah, mpokezi ni yeye.

Kisha lile la paka, ambalo yeye na Ibn Umar wamelipokea wote wawili. Mwanamke aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga mpaka akafa. Hakumlisha wala kumnywesha, na hakumwacha ajilie wadudu na viumbe vidogo vya ardhini. Bi Aisha (r.a.) alipoisikia kutoka kwa Abu Hurayra aliona kwamba mwanamke huyo pamoja na hayo alikuwa kafiri, kwani muumini ana utukufu zaidi mbele ya Allah. Imam Nawawi akaona lililo sahihi ni kwamba alikuwa Muislamu na aliingia kwa sababu ya huyo paka. Wajuzi wamejadiliana juu ya mwanamke. Juu ya paka hakuna aliyesema si kitu.

Isomeni vizuri hadithi hiyo, maana ina milango miwili. Ama umlishe, ama umwache huru atafute. Aliyeangamia aliifunga yote miwili.

Sasa nalisema lililonifanya nimchague Abu Hurayra leo na nisimngoje siku nyingine. Mnajua kuna paka wanaokaa uani kwetu, upande wa mabirika ya udhu. Tangu mwezi uandame wameongezeka, kwa sababu futari ina samaki na harufu haina pazia. Mmoja amezaa nyuma ya rundo la mikeka mikuukuu, na watoto wake macho ndiyo kwanza yanafunguka. Nimeletewa shauri kwamba watiwe kwenye gunia wapelekwe mbali, ng'ambo ya daraja, na bodaboda yuko tayari. Walioleta shauri ni watu wema wanaoutakia usafi msikiti, na mikojo ya paka kwenye jamvi kweli ni tatizo. Kamati itakaa kesho baada ya Ijumaa.

Mimi rai yangu ni hii, na nitaisema kikaoni. Mtoto wa paka ambaye bado ananyonya ukimtenga na mama yake, au ukamtupa mahali asipojua pa kula, umeifunga milango yote miwili. Gunia ni kamba iliyobadilishwa sura tu. Huko ng'ambo hakuna atakayewapandisha juu ya mti usiku.

Upande wa fiqhi, kwa kuwa nimeulizwa na watu watatu wiki hii. Paka mwenyewe si najisi, mate yake si najisi, manyoya ya paka aliye hai si najisi. Abu Qatada (r.a.) alikuwa akitiliwa maji ya udhu na mke wa mwanawe, akaja paka, akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Yule mama akashangaa. Abu Qatada akamweleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani. Na Bi Aisha aliletewa harisa akiwa anaswali, akaashiria iwekwe chini. Paka akaja akaila kidogo. Alipomaliza swala akala palepale alipolia paka. Lakini mikojo na mavi ya paka ni najisi kwetu sisi Mashafii, haina mjadala, pakiingia jamvi linaoshwa. Na ukimwona kwa macho yako ametafuna panya, damu ingali mdomoni, kisha akatia mdomo kwenye ndoo yako ya maji machache papo hapo, maji hayo usitawadhie. Akiondoka akapotea muda ambao yamkini amekunywa kwenye maji mengi, kisha akarudi akanywa, usijitie wasiwasi.

Basi tunaweza kuwahamishia kule nyuma, karibu na mwembe, mbali na jamvi. Tumbo na vichwa vya samaki viwekwe huko baada ya Magharibi badala ya kuachwa ndani ya mifuko mlangoni, na bakuli la maji libadilishwe kila siku. Mlango wa ndani ufungwe baada ya Isha. Mikeka mikuukuu isiguswe mpaka watoto watembee wenyewe. Na kwa suala la kuzaana, daktari wa mifugo anaweza kuwafunga uzazi, na wako wanazuoni wa zama zetu walioruhusu hilo kwa haja iwapo mnyama hateswi. Gharama tutaijadili. Watoto wa chuo wameshaomba kazi ya bakuli. Nimewaambia wangoje kikao.

Nimalizie maisha ya mzee wetu. Umaskini haukudumu. Zamani zile za shida alikuwa kibarua kwa bibi mmoja, Busra binti Ghazwan, ujira wake ni chakula cha tumbo na zamu ya kupanda mnyama safarini. Allah akageuza mambo, akaja kumuoa bibi huyohuyo. Umar akamfanya liwali wa Bahrain. Aliporudi na mali, Umar akamhoji kwa ukali kama alivyokuwa akiwahoji maliwali wake wote, naye akaeleza kwamba ni farasi waliozaana na tunu zilizokusanyika. Baadaye Umar alipomtaka tena kazi ileile, akakataa. Uzeeni, Marwan alikuwa akimwachia Madina anaposafiri, na watu wakamwona sokoni na mzigo wa kuni mgongoni, kaimu liwali, akiomba apishwe njia. Siku moja alipangusa pua kwa kitambaa cha kitani kizuri, akajicheka mwenyewe: leo Abu Hurayra anapenga kwenye kitani, na siku ile alikuwa kaanguka chini ya mimbari. Hakuisahau. Siku nyingine alipita kwa watu wenye mbuzi wa kuchoma, wakamkaribisha, akakataa, akikumbuka kwamba Mtume ametoka duniani hajashiba mkate wa shayiri.

Nyumbani kwake usiku uligawanywa mafungu matatu, yeye, mkewe na mtumishi wao. Huyu akiswali fungu lake humwamsha wa pili, wa pili humwamsha wa tatu. Wenye nyumba za watu watatu mnaweza kujaribu katika kumi hili la mwisho linalokuja.

Alifariki Madina mwaka wa 57 Hijria, na wengine wamesema 58 au 59, akiwa na miaka 78 hivi. Katika maradhi yake alilia. Alipoulizwa, akasema halii kwa ajili ya dunia hii, analia kwa urefu wa safari na uchache wa masurufu, naye hajui atapelekwa wapi, peponi au motoni. Huyo ni mpokezi wa hadithi 5,374. Akausia wasimpigie hema juu ya kaburi, wasimfuate na moto wa chetezo, na waharakishe kumpeleka. Akazikwa Baqii. Allah amridhie yeye na mama yake, na atupe sisi fungu katika ile duaa ya kupendwa na waumini.

Kikao ni kesho, ndani, mara baada ya swala ya Ijumaa. Mwenye rai aje aitoe mwenyewe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.